Rimu za MGB zinatoa malengelenge: tatizo si rangi

«Assalaam alaykum fundi. Nina gari ya MGB ya 1973 niliyoachiwa na ami yangu, aliyeinunua Uingereza akarudi nayo Unguja. Nakaa Bububu, karibu na pwani. Rimu zake ni zile za asili za chuma, rangi ya fedha na nyeusi kwenye mabonde. Mwaka juzi fundi alizikwangua, akapiga praima na silva, zikapendeza kweli. Hazikumaliza mwaka. Rangi imetoa malengelenge na sasa inabanduka vipande. Fundi huyo anasema mikono ya rangi ilikuwa michache, tuongeze. Mwengine anasema zipigwe mchanga, na mchanga atauchukua pwani, kisha zipelekwe Dar zikapigwe rangi ya unga ya kuokwa. Jirani anataka niziloweke kwenye asidi ya betri. Mwanangu anasema niachane nazo ninunue sport rimu za gari ya Kijapani, ati matundu yanalingana. Mimi nataka zirudi kama zilivyotoka kiwandani. Nifanyeje?»

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Umepewa ushauri wa watu wanne na wote wamejibu suali la nini ufanye sasa. Suali lako hasa ni kwa nini rangi ya kwanza ilitoka, na jawabu umeliandika mwenyewe bila kukusudia: malengelenge. Rangi iliyochoka kwa jua hufifia, hupasuka, hutoa unga ukiipangusa kwa kidole. Ikinyanyuka kwa malengelenge, kuna kitu kinaisukuma kutoka chini. Kwa gari inayolala Bububu, kitu hicho karibu kila mara ni chumvi iliyofunikwa pamoja na kutu siku ya kupiga rangi.

Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu ukifika kiasi cha asilimia 75. Chumvi ya bahari ina magnesiamu kloridi ndani yake, na hiyo hunyonya hata hewa ikiwa kavu zaidi ya hapo. Hapa kwetu alfajiri nyingi hewa imepita kiwango hicho, hata kaskazi. Kwa hiyo chembe ya chumvi iliyobaki kwenye kishimo cha kutu haingoji mvua wala dimbwi. Inajirowesha yenyewe, gari ikiwa ndani ya banda. Nayo rangi, hata nzuri, hupitisha mvuke kidogo kidogo. Mvuke unavutwa na chumvi, unakuwa tone, chuma kinaanza kuoza chini ya rangi, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Hapo lengelenge linazaliwa. Umeona kuta za Mji Mkongwe zilizopigwa saruji juu ya jiwe lenye chumvi: lipu inavimba na kumwagika, na ukiongeza lipu nene zaidi inaanguka kwa kipande kikubwa zaidi. Kuongeza mikono ya rangi ni kazi ile ile. Fundi wako wa kwanza hakukosea kwenye rangi yake, alikosea kabla hajafungua kopo.

Rimu zako, kwa maelezo yako, ni Rostyle. MGB zilianza kuzivaa kwenye modeli za 1970 mahali pa zile rimu za chuma za kawaida, na zilitengenezwa na kampuni ya Rubery Owen ya Uingereza. Ni chuma kilichofinyangwa, si alumini, ingawa ukizitazama kwa mbali unaweza kudanganyika. Sehemu ya kati imechomelewa kwenye duara la nje, na pale zinapokutana pana ufa mwembamba unaozunguka. Maji ya barabarani, vumbi la breki na chumvi huingia humo na hayatoki. Msasa haufiki. Nina hakika ukiigeuza rimu nyuma utakuta kutu nzito imeanzia kwenye ufa huo, na fundi aliyekwangua uso tu hakuugusa.

Kabla hujatoa hata shilingi, vua mipira yote minne na ya akiba. Kazi hii ifanywe na fundi pancha mwenye mashine, maana nyundo na vyuma vya kubanjia vitakwangua ukingo ambao baadaye utataka usivuje upepo. Osha rimu, zikauke, kisha zichunguze juani. Angalia kwanza kuzunguka matundu ya nati: ufa wowote, hata mwembamba kama unywele, au tundu lililopanuka likawa la yai, rimu hiyo imestaafu. Usikubali ichomelewe. Angalia pia ukingo wa ndani ambako mpira unakaa. Kutu ya juu juu haina tatizo. Vishimo virefu vitavujisha upepo, na kuvijaza puti pale ni kujitafutia balaa, kwa sababu mpira utaibandua puti siku ya kufungwa. Tena hapo hapo tazama ubavuni mwa mpira tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za wiki, mbili za mwaka. Gari za kurithi mara nyingi huwa na mipira yenye kashata nzuri na umri wa kutisha. Ikiwa imepita miaka kumi, hesabu mipira mipya kwenye gharama za kazi hii hii.

Sasa mchanga. Kupiga mchanga ni njia nzuri sana ya kusafisha chuma, kwa sababu unaingia kwenye vishimo ambavyo grenda inaviparuza juu na kuvifunga. Lakini mchanga wa pwani usiukaribishe. Kwanza umejaa chumvi, na utakuwa unaipigilia ndani ya chuma kwa nguvu ya kompresa, yaani unalipia ugonjwa ule ule. Pili, mchanga wetu mweupe kwa sehemu kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika, ni laini, unapasuka na kuacha vumbi la chokaa. Na ule wa shimoni, ambao una silika, vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Mafundi wengi duniani wamekufa kwa maradhi hayo, na kitambaa cha puani hakizuii. Achilia mbali kwamba kuchota mchanga ufukweni bila ya ruhusa ni kesi. Kama utapata karakana inayotumia garneti, oksidi ya alumini au chembe za kioo, hapo sawa, mradi fundi avae kofia yenye hewa na akubali kupiga ufa wa nyuma kwa pembe tatu nne tofauti.

Asidi ya betri naikataa bila ya kupepesa. Itakula kutu, ndiyo, na itakula chuma kizima pia, na itakayoingia kwenye ufa haitatoka hata uoshe siku nzima. Ile ya kusafishia vyoo ni mbaya zaidi, kwani ni haidrokloriki. Inaacha kloridi, na kloridi ndiyo hasa tunayoikimbia. Asidi pekee ninayoiruhusu ni ya fosfori, ile inayouzwa kama dawa ya kutu. Inageuza mabaki ya kutu kuwa fosfeti nyeusi ngumu, na inafaa kwa vidoa vilivyobaki baada ya kusafisha. Haifai badala ya kusafisha. Watu huipaka juu ya magamba mazima ya kutu wakaona weusi wakafurahi, chini bado nyekundu.

Kwa mtu wa kisiwani asiye na karakana ya kupiga mchanga karibu, njia ninayoipenda ni umeme. Unatafuta pipa la plastiki linalomeza rimu nzima, unajaza maji safi, unatia sodiamu kaboneti ya unga mweupe kiasi cha kijiko kikubwa kwa kila lita nne au tano. Magadi ya mawe ya sokoni yaache, mengi yana chumvi ndani. Rimu unaifunga kwenye waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12, na waya chanya kwenye vipande vya chuma chakavu vilivyozunguka pembeni bila kugusana na rimu. Ukigeuza nyaya, rimu ndiyo itakayoliwa, kwa hiyo hakikisha mara mbili. Chuma chakavu kisiwe cha aina isiyoshika kutu, maana hicho kinatoa sumu ya kromiamu ndani ya maji. Na pipa likae uwanjani, mbali na jiko la mkaa na sigara, kwa sababu mapovu yanayopanda ni haidrojeni na oksijeni. Usiku mmoja au miwili, kutu inakuwa tope jeusi linalotoka kwa brashi. Faida yake kubwa kuliko zote ni kwamba umeme huo unaivuta kloridi itoke kwenye vishimo na kwenye ufa, mahali ambapo hakuna msasa wala brashi itakayofika. Rangi ya zamani iondolewe kwanza kwa dawa ya kubambua, na mafuta yaoshwe kabla ya chochote. Ukipiga msasa juu ya grisi unaisambaza tu.

Baada ya hapo suuza, na hapa watu wengi wa kwetu huharibu kazi nzima kwa ndoo moja. Visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi, hata kama ulimi wako umeshayazoea. Tumia maji ya mvua, na mkono wa mwisho tumia maji ya betri, yaani yale yaliyotoneshwa, si asidi. Kausha mara moja kwa upepo wa kompresa uliochujwa maji, hasa ndani ya ufa, kisha weka juani rimu ipate moto.

Sasa usipige praima. Iache rimu moja usiku kucha chini ya paa, wazi. Asubuhi iangalie kwa tochi. Chuma chote kikiwa na wekundu mwepesi sawasawa, hiyo ni kutu ya hewa tu, futa kwa msasa. Ukiona vidoa vyeusi vilivyolowa, hasa kwenye vishimo na kandokando ya ufa, hapo bado pana chumvi inayokunywa unyevu, rudisha pipani. Jaribio hili halina gharama yoyote, na lau fundi wako angelifanya mwaka juzi usingeniandikia leo.

Praima iwe ya epoksi, ya kuchanganya na hadina yake, yaani dawa ya kuigandisha. Usiende mbali kuitafuta: mafundi wa boti za faiba wanaitumia kila siku, na waliozoea kupaka chombo kinachoelea baharini wanajua maana ya chumvi kuliko mafundi rangi wengi wa magari. Mikono miwili, wa kwanza mwepesi ukiingia ndani ya ufa na mashimoni, wa pili baada ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Kisha ziba ule ufa wa nyuma kwa silanti (dawa ya kuziba nyufa) nyembamba inayokubali rangi, juu ya epoksi, sio chini yake. Wapo watakaokwambia hiyo si asili. Kweli, lakini haionekani, na mimi nimechagua upande wangu. Epoksi pekee haistahimili jua, itapauka, kwa hiyo ni lazima ivikwe.

Siku ya kupiga ichague. Kanuni ya wapaka rangi wa meli na madaraja ni kwamba chuma kiwe na joto la nyuzi 3 au zaidi juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo umande huanza kutua, na unyevu usizidi asilimia 85. Masika sahau. Januari na Februari ni nzuri, na Juni hadi Agosti pia, ila kusi likivuma sana kwa watu wa Makunduchi na Jambiani hewa yenyewe imebeba chumvi. Wewe Bububu uko upande wa pili, umepona kidogo. Anza saa nne asubuhi, umande umeshaondoka na chuma kimepata moto, maliza kabla ya alasiri. Ukiacha rimu usiku kati ya mkono na mkono, ipanguse kwa kitambaa chenye maji ya betri kisha ikauke kabla ya kuendelea. Thina iwe ile ya taratibu, ya nchi za joto. Ya haraka itapoza uso wa rangi, unyevu utaganda juu yake, na silva yako itatoka na ukungu mweupe.

Kuhusu uasilia, ushahidi unao nyumbani. Tairi la akiba kwenye MGB huishi gizani ndani ya buti, na mara nyingi rimu yake ndiyo iliyobaki na rangi ya kiwandani. Usiisafishe mpaka umeipiga picha na kuchukua mchoro wa mpaka wa nyeusi na fedha kwa karatasi nyembamba na penseli, bonde kwa bonde. Fedha ya wakati ule haikuwa kama hizi za leo zenye chembe kubwa zinazomeremeta. Ilikuwa tulivu, laini. Mpelekee mchanganya rangi rimu yenyewe, wala usimwambie «silva» ukaondoka. Piga fedha rimu nzima, ikauke vizuri, kisha funga kwa tepu ya karatasi na upige nyeusi isiyong'aa kwenye mabonde. Tepu ivuliwe rangi ikiwa bado mbichi kidogo, ukiivuta kwa kuirudisha nyuma, la sivyo mpaka utararuka. Halafu kliya, yaani rangi ya mwisho inayopitisha mwanga, ya nusu mng'ao juu ya yote. Chembe za rangi ya fedha ni alumini, na bila ya kliya hewa ya bahari itazifanya za kijivu. Namba au alama zilizogongwa kwenye chuma zisizame kwenye rangi.

Kliya nzuri na rangi nyingi za kuchanganya zina kemikali ya isosaianeti ndani ya hadina yake. Naomba unielewe vizuri hapa: inaweza kusababisha pumu isiyopona, haina harufu ya kukutahadharisha, na barakoa ya karatasi au kitambaa haizuii chochote. Kama huna barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, na mahali pa wazi pasipo na watoto wala nyumba zilizobanana, kazi ya mikono hii ya mwisho mpelekee fundi mwenye chumba cha rangi. Wewe fanya usafi na umfikishie rimu safi. Makopo ya spreyi ya kawaida hayana hatari hiyo, lakini rangi yake inalainika ikipata petroli au mafuta ya breki, na kwenye gurudumu vyote viwili vitafika.

Rangi ya unga siibezi. Huokwa kwenye kiasi cha nyuzi 180 hadi 200, chuma hakina shida na moto huo, na inatoka ngumu, sawasawa. Kwa gari ya kila siku ya Dodoma ningesema nenda. Lakini ni ngozi moja nene. Jiwe likiitoboa, maji ya chumvi hutambaa chini yake bila ya wewe kuona, na huwezi kuitengeneza kwa brashi jioni moja, ni kurudi kwenye boti na mizigo yako. Rangi mbili zenye mpaka mkali nazo si kazi wanayoipenda. Nayo pia, ikipigwa juu ya chumvi, itanyanyuka kama hiyo uliyonayo.

Kijana wako ana haki nusu. Matundu ya MGB yapo manne kwenye duara la inchi 4.5, yaani milimita 114.3, na gari nyingi ndogo za Kijapani za zamani ni hivyo hivyo. Lakini boliti zako ni za nusu inchi kwa uzi wa inchi, nati ya Kijapani ya milimita 12 haipandi. Tundu la kati na kina cha rimu navyo hutofautiana, na mpira unaweza kusugua bawa, au mzigo ukaielemea beringi vibaya. Akitaka ajaribu, aende na rimu moja ya asili mkononi na apime. Zako za asili zibakie, hata zikikaa kabatini.

Kumbuka sehemu mbili ambazo hazitaki rangi nene hata kidogo: vile vikombe vya mshazari ambavyo nati hukalia, na uso wa nyuma unaogusana na habu. Rangi nene pale inafinywa na nati, inapungua, na nati inalegea ikiwa njiani. Ziba sehemu hizo kwa tepu baada ya mkono mmoja mwembamba wa epoksi, basi. Uso wa habu nao piga brashi ya waya mpaka magamba yote ya kutu yatoke, rimu ikae bapa.

Zikisha, ziache wiki nzima kabla ya kufunga mipira, hata kama zimekauka kwa kidole. Mwambie fundi wa balansi atumie vipande vya kubandika kwa ndani. Vya kubana ukingoni hukata rangi, na hapo ndipo kutu mpya inaanza. Akikuonesha kwenye mashine kwamba rimu inayumba, usimruhusu ainyooshe kwa nyundo. Mtafute mtu wa kuipima kwa saa ya kupimia (kipimo chenye mshale kinachoonesha inayumba kiasi gani), na ile yenye ufa au inayoyumba sana itafutiwe mwenzake. Rostyle zilizotumika bado zinapatikana Uingereza, na si ghali kama za waya.

Nati kaza kwa msalaba, kwa spana yenye kipimo, pauni-futi 60 hadi 65, bila ya grisi kwenye koni, yaani ule mshazari wa nati. Nenda nayo Nungwi taratibu, urudi, gari ipoe, kisha uzikaze tena kwa kipimo hicho hicho. Ukikuta nati imelegea zaidi ya robo mzunguko, vua rimu uangalie kikombe chake: kuna rangi iliyobaki pale, ikwangue mpaka chuma kionekane, upake epoksi nyembamba na urudie.